Kuchagua mashine ya kahawa ya nyumbani ambayo kuiosha hakukuchoshi

Watu wengi wakienda kununua mashine ya kahawa wanauliza inatoa kahawa nzuri au la, ina presha kiasi gani, inasaga yenyewe au hapana, halafu swali la kuosha linakuja baada ya wiki tatu wakati mashine imekaa pale mezani inanuka na kila mtu nyumbani anamsubiri mwenzake aiguse. Mi naomba uanze na hilo swali la kuosha. Mashine nyingi za siku hizi zikiwa safi zinatoa kahawa ya kunyweka vizuri tu, na hata ile ya bei kubwa kuliko zote ikiwa chafu itakupa kikombe kichungu chenye harufu ya mafuta yaliyochacha.

Nilishakuwa na mashine moja ya otomatiki, ile ya kubonyeza kitufe yenyewe inasaga, inachuja, inavuta maziwa, inakujazia kikombe. Kila jioni nilikuwa naiwashia ile programu ya kusuuza kama kitabu cha maelekezo kilivyosema, sikuruka hata siku moja. Siku moja maziwa yakaanza kutoka na harufu ya uchachu, nikabadilisha maziwa, harufu ipo, nikabadilisha tena, ipo. Mwishoni nikachomoa kile kimpira cha kuvutia maziwa, unene wake kama mrija wa soda, nikakipasua kwa wembe kwa urefu. Ndani kulikuwa na utando wa njano unaoteleza kidoleni kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Maji ya kusuuza yalikuwa yanapita juu yake kila siku na kuuacha palepale, na wanangu walikuwa wanakunywa maziwa yaliyopita humo.

Tangu hapo nina sharti moja tu: kila sehemu inayoguswa na kahawa au maziwa niione kwa macho na niifikie kwa kidole au brashi, bila kushika bisibisi. Yote nitakayoandika hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Hatua ya 1: Ujue uchafu kabla hujaijua mashine

Ndani ya mashine ya kahawa kuna uchafu wa aina nne na kila mmoja una dawa yake, ukitumia dawa ya huu kwa ule utasugua mwaka mzima na hautatoka.

Wa kwanza ni mafuta. Kahawa ina mafuta mengi kuliko watu wanavyodhani, aina ya arabika inakaribia asilimia 15 ya uzito wa punje, aina ya robusta kama 10 hivi. Yakitoka na maji ya moto yanaganda kwenye chujio, kwenye jagi, kwenye kuta za plastiki, ule weusi unaong'aa unaouona chini ya chujio la zamani ndo wenyewe. Maji matupu hayayatoi. Yanataka sabuni ya kuoshea vyombo, au kwenye mashine ya espreso, ile inayosukuma maji ya moto kwa presha kwenye unga, ule unga maalumu wa kuoshea mashine ambao ni wa asili ya magadi. Asidi haiyagusi.

Wa pili ni machicha, ule unga uliokwisha kutumika. Wenyewe unatoka kirahisi ukiwa mbichi, ila una unyevu na ukibaki kwenye kontena lililofungwa siku mbili tatu, hasa sehemu yenye joto, unaota ukungu wa kijivu. Hapa hamna haja ya dawa, unataka kontena linalotoka kwa mkono mmoja na lisilo na kona kona za ajabu.

Wa tatu ni maziwa, na huu ndo nauogopa zaidi. Maziwa yana protini, mafuta na sukari kwa pamoja, yakipigwa joto yanashika kwenye chuma kama gundi, na yakibaki kwenye mrija wa vuguvugu vijidudu vinazaliana kwa saa chache tu. Mafuta ya kahawa yakizeeka yataharibu ladha, maziwa yakizeeka yatakuharibu tumbo.

Wa nne ni chokaa, ule ukoko mweupe unaouona chini ya birika la kuchemshia maji. Maji magumu yakipashwa joto yanaacha kalsiamu kabonati kwenye boila na kwenye vibomba vyembamba, mashine inaanza kutoa maji kidogo kidogo, inanguruma, mwisho inaziba. Chokaa inataka asidi, kama asidi ya sitriki, na sabuni hata ukimwaga chupa nzima haitaiondoa. Kwa hiyo mtu anayesema mi naipitishia asidi kila mwezi mashine yangu ni safi, ujue ameondoa chokaa tu, mafuta yako palepale.

Sasa ukishajua hizi nne, kila mashine utakayoitazama unajiuliza: itanipa ngapi kati ya hizi, na nitazitoaje?

Hatua ya 2: Jiulize unakunywa nini na nani ataosha

Hapa usijidanganye. Kama wewe ni mtu wa kahawa nyeusi asilimia kubwa ya siku, ukinunua mashine yenye mfumo wa maziwa umejinunulia kazi usiyoihitaji, maana ule mfumo ukishatumika hata mara moja kwa mgeni lazima uoshwe siku ileile. Nunua ya kahawa nyeusi, halafu kwa siku za maziwa tafuta kile kibirika kidogo cha umeme cha kupigia povu, au kile kifimbo cha betri chenye springi mwishoni, vyote unasuuza chini ya bomba kwa nusu dakika umemaliza.

Angalia pia idadi ya vikombe. Anayekunywa kikombe kimoja asubuhi na anayepikia watu sita hawana mashine moja. Mtu mmoja akinunua mashine ya vikombe 12 kahawa inabaki inaungua kwenye sahani ya moto, na ukoko wa kahawa iliyoungua chini ya jagi la kioo ni mgumu kweli kutoka.

Na kama mwoshaji ni zaidi ya mmoja, chagua kitu ambacho mtoto wa miaka kumi na mbili akionyeshwa mara moja anaweza kukifungua na kukirudisha.

Hatua ya 3: Chagua aina kabla ya kuchagua modeli

Nitazipanga kuanzia iliyo nyepesi kuosha.

Chujio la karatasi, lile la umbo la koni unalolikalisha juu ya kikombe, hakuna kinacholishinda. Huyu mama wa Kijerumani, Melitta Bentz wa mji wa Dresden, mwaka 1908 alichoka na machicha kwenye kikombe akachukua karatasi ya kufyonzea wino kwenye daftari la mwanae akachujia kahawa, ndo tukapata chujio la karatasi. Yaani lilizaliwa kwa ajili ya usafi. Karatasi inabeba machicha na sehemu kubwa ya mafuta, vyote vinaenda kwenye takataka pamoja, unabaki na koni tupu ya kusuuza. Tena karatasi inazuia kile kitu kinaitwa kafestoli kwenye mafuta ya kahawa ambacho kinapandisha kolesteroli, kwa hiyo kama daktari amekuonya kuhusu kolesteroli hiyo ni sababu nyingine.

AeroPress nayo, ile bomba la plastiki lenye pistoni aliloleta Mmarekani Alan Adler mwaka 2005, pistoni ikishuka inapangusa kuta yenyewe, unafungua kifuniko unasukuma, machicha yanaruka kwenye ndoo yakiwa kitonge kimoja kikavu. Kwa mtu mmoja anayetaka kahawa nzito bila kazi hii ni nzuri sana.

Moka, kile kibirika cha kuweka jikoni alichokileta Alfonso Bialetti mwaka 1933, ni sehemu tatu na mpira mmoja. Hakina siri, unakisuuza na kukikausha. Shida yake moja: vingi ni vya alumini na alumini ukiitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo inatoka nyeusi na inachafua vidole, hiyo sabuni yake ni kali. Kama unategemea mashine ya kuoshea vyombo nunua cha chuma cha pua, na hata hicho soma kwanza maelekezo yake.

Frenchi presi, ile jagi yenye chujio la kusukuma, watu wanaisifia ni rahisi, mi nasema ni rahisi kutengeneza kahawa lakini kuosha siyo sana. Machicha yanabaki chini ya jagi yamelowa, ukiyamwaga kwenye sinki yatakuzibia bomba siku moja, na lile chujio la waya lina matabaka yaliyobanana ambayo yanashika mafuta katikati. Ukiitaka, hakikisha chujio linafunguka kwa kuzungusha kwa mkono, na uwe na kachujio kadogo ka kumwagia machicha kabla ya kusuuza.

Mashine ya matone ya umeme, yaani maji yanapanda, yanadondokea kwenye chujio, yanashuka kwenye jagi, hii kwa familia ndo chaguo langu la kwanza. Uchafu wake ni mafuta kidogo na chokaa, maziwa hayahusiki. Lakini kuna za kuosha vizuri na za kuosha vibaya na kwa nje zinafanana, nitaeleza kwenye hatua ya 4.

Mashine ya kapsuli inaonekana safi kwa sababu kahawa imefungwa ndani ya kopo lake, na kweli machicha hayamwagiki. Ila kuna matone yanayobaki baada ya kapsuli kutobolewa, yanadondoka kwenye kontena la makopo yaliyotumika, na pale chini kunatengenezeka maji meusi yanayonuka ambayo watu hawayaoni mpaka wiki ipite. Pia ile sindano au sehemu inayotoboa inapata uchafu. Kwa hiyo ni nyepesi kwa mtu atakayemwaga lile kontena kila siku, siyo kwa atakayelisubiri lijae.

Espreso ya mkono, yenye portafilta, yaani ule mpini wenye kikapu cha kahawa, ina kazi nyingi lakini ni kazi ya wazi, unaona kila kitu. Ukimaliza kikombe unagonga machicha, unasuuza kikapu, unapangusa bomba la mvuke kwa kitambaa kibichi palepale na kuachia mvuke kidogo utoe maziwa yaliyovutwa ndani. Hiyo ya kuachia mvuke usiiruke, manake bomba likipoa linanyonya maziwa kurudi juu. Ambacho watu hawaulizi ni kama mashine ina valvu ya njia tatu. Ikiwa nayo, ukizima pampu utasikia presha inatolewa na maji yanatoka kwa bomba la pembeni kwenye trei, machicha yanabaki makavu, na unaweza kuosha kwa kurudisha maji nyuma, yaani unaweka kikapu kisicho na matundu na ule unga wa kuoshea, pampu inasukuma dawa inarudi kwa njia ileile kahawa ilikopita. Isiyo nayo machicha yanabaki tope, na hiyo njia ya kurudisha maji usiijaribu kabisa, presha haina pa kutokea.

Otomatiki nimeziacha mwisho kwa sababu ndo zinauzwa kwa neno rahisi na ndo zina vitu vingi ndani. Ulizia jambo moja kwanza: ule moyo wa mashine, kile kidude kinachopokea unga, kinaukandamiza na kupitisha maji, unatoka au umefungiwa ndani? Philips na De'Longhi kwa mfano otomatiki zao zina mlango wa pembeni au wa mbele, unaufungua, unaubonyeza ule moyo unautoa unausuuza kwenye sinki. Jura wanaufungia ndani na unaosha kwa kidonge cha dawa na programu. Watetezi wapo pande zote mbili na Jura nyingi zinadumu miaka, lakini kwa mtu mwenye sharti kama langu wa kutoka ndo wa kununua. Ukiutoa mara ya kwanza baada ya wiki utaelewa, utakuta unga umelala kwenye kila kona, mwingine umelowa, mwingine umegandamana kwenye ukuta wa ndani ya mashine mahali ambapo programu ya kusuuza haifiki.

Hatua ya 4: Ifungue kabla hujailipia

Kama mashine iko mbele yako usiishie kuitazama, omba kuishika. Kama unanunua mtandaoni tafuta video ya mtu anayeiosha, video ya kutengeneza kahawa haitakuonyesha unachokitaka. Mambo ya kujaribu ni haya.

Tangi la maji. Litoe. Likiwa halitoki, yaani lile la kumimina maji juu na basi, achana nalo, huwezi kulisugua na maji ya jana huwezi kuyamwaga mpaka ubinue mashine nzima. Mwaka 2011 shirika la NSF la Marekani lilipima vitu vya nyumbani kwenye familia 22 na matangi ya maji ya mashine za kahawa yalikutwa na hamira na ukungu kwenye nusu ya hizo nyumba, na ni sehemu ambayo sote tunaiona ni maji tu. Likishatoka, ingiza mkono. Ngumi yako ifike chini. Kama mdomo ni mwembamba utategemea brashi, na kwenye kona brashi haikolei.

Jagi nalo hivyohivyo. Majagi ya thamosi yanatunza joto bila kuunguza kahawa, hilo nalisifu, lakini mengi yana shingo nyembamba na ndani ni giza, huoni kama pametakata. Tafuta lenye mdomo mpana. Na kifuniko chake kifungue, vifuniko vya thamosi vina njia ya kahawa ndani yake na kama hakifunguki kinabaki na kahawa ya zamani milele.

Trei ya matone. Ivute ikiwa na maji kidogo kama wataruhusu. Trei nyingine ni bapa na pana, ukiitoa ikiwa imejaa maji meusi yanakumwagikia njiani kabla hujafika kwenye sinki. Yenye kuta ndefu na kale kakidude kekundu kanakoelea kukuonyesha imejaa inakusaidia sana.

Sehemu ya kutolea kahawa, pua yake, shika uone inachomoka? Nyingi zinachomoka kwa kuvuta kidogo na ndani ndo utakuta ule weusi wa mafuta.

Mfumo wa maziwa, hapa chukua muda wako. Hesabu vipande. Philips wana ule wanaouita LatteGo ambao ni vipande viwili na hauna mrija hata mmoja, ukivitenganisha unaona kila mahali maziwa yanapopita, na mi naona hiyo ndo akili iliyotakiwa tangu mwanzo. Mingine ina jagi linalokaa kwenye friji, kifuniko chenye kitufe, bomba la kutolea na mrija wa kuvutia, nayo inaosheka ila hesabu vipande vitano au sita kila siku, jiulize utaviosha saa moja usiku umechoka? Wenye mrija mrefu wa mpira uliozama ndani ya mashine mi siugusi, na kama unaupenda basi nunua mirija ya akiba mapema na uibadilishe kabla haijaanza kunuka.

Kwenye espreso yenye bomba la mvuke angalia kama mwishoni kuna ile soksi ya plastiki au chuma ya kusaidia povu. Ina kitundu kidogo pembeni cha kuvutia hewa, kitundu kikiziba na maziwa povu linakufa. Hiyo soksi lazima ichomoke.

Mwisho tazama umbo la nje. Vitufe vilivyochomoza, mikunjo ya mapambo, plastiki nyeusi inayong'aa, vyote vinashika unga na alama za vidole. Uso bapa unapanguswa mara moja.

Halafu rudisha kila kitu mahali pake wewe mwenyewe, bila muuzaji kukusaidia. Ukishindwa hapo ukiwa mzima na mwanga wa kutosha, asubuhi una usingizi utashindwa zaidi.

Hatua ya 5: Soma kitabu cha maelekezo kabla ya kununua

Kampuni nyingi zinaweka kitabu cha maelekezo mtandaoni bure. Kipakue, nenda moja kwa moja kwenye sura ya kuosha, maana hapo ndo wanasema ukweli ambao boksi halisemi. Boksi litakuandikia inajisafisha yenyewe. Kitabu kitakuambia hiyo ni kupitisha maji ya moto kwenye bomba wakati wa kuwasha na kuzima, na kwamba trei ni ya kuosha kila siku, moyo wa mashine kila wiki, chokaa kila baada ya miezi kadhaa.

Angalia ni vitu gani vinaruhusiwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo, mara nyingi ni vichache kuliko unavyotegemea. Moyo wa mashine wa kutoka kwa kawaida ni wa maji ya vuguvugu tu bila sabuni, kwa sababu una grisi kwenye sehemu zinazoteleza na sabuni inaitoa, na ile grisi salama kwa vyakula unaipaka upya mara chache kwa mwaka. Angalia vitu vya kununua kila mara: vidonge, filta ya maji, dawa ya chokaa. Angalia pia kama mipira ya kuzuia kuvuja inauzwa peke yake, mipira ndo inaanza kuchoka.

Na soma utaratibu wa kutoa chokaa wote, mstari kwa mstari. Kuna mashine unamimina dawa unabonyeza kitufe unasubiri, na kuna zinazotaka ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja sekunde tano taa iwake rangi fulani uzime uwashe tena. Hizo za pili watu wanaziahirisha mpaka zinaziba.

Hatua ya 6: Pima maji yako

Hii wengi wanairuka, na ndo inaamua utakuwa unapambana na chokaa mara ngapi. Kuna vikaratasi vya kupimia ugumu wa maji, unachovya unalinganisha rangi, mara nyingi kimoja kinakuja ndani ya boksi la mashine yenyewe. Vipimo vinakuja kwa digrii za Kijerumani au miligramu kwa lita, na digrii 1 ya Kijerumani ni karibu miligramu 17.8 za kalsiamu kabonati kwa lita. Njia ya haraka ni kuangalia birika lako, kama baada ya wiki chache lina ukoko mweupe chini basi maji yako ni magumu.

Kama ni magumu chagua mashine yenye nafasi ya filta ndani ya tangi na yenye sehemu ya kuweka ugumu wa maji kwenye mipangilio, ili ikukumbushe kutoa chokaa kwa kufuata maji yako, ile hesabu ya kiwandani inaweza isikufae. Maji yaliyoondolewa madini yote nayo siyo suluhisho, kahawa inakuwa haina ladha na baadhi ya mashine zinashindwa kuhisi kama kuna maji kwenye tangi.

Siki watu wanaisema sana kama dawa ya chokaa. Kweli ni asidi na inayeyusha chokaa, lakini harufu yake inang'ang'ania na watengenezaji wengi wanaikataza kwa ajili ya mipira na metali za ndani. Tumia dawa waliyoitaja kwenye kitabu. Na hili nalisema kwa msisitizo: asidi yoyote, iwe siki iwe ya sitriki, usiichanganye na dawa ya klorini ya kufanyia weupe, inatoka gesi ya sumu, na jikoni ni chumba kidogo.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza nayo

Mashine ikishafika nyumbani iweke karibu na sinki kama unaweza, na iache nafasi upande ule mlango au tangi linapofungukia. Nimeona mashine nzuri kabisa ya kutoa moyo wake kwa pembeni imebanwa ukutani, mwenyewe hajawahi kuufungua ule mlango hata siku moja kwa sababu inabidi aisogeze kwanza.

Kama ni otomatiki mwaga kontena la machicha kila siku, na umwage ikiwa imewashwa. Nyingi zinahesabu vikombe, ukimwaga ikiwa imezimwa hesabu haifutiki na itakusumbua kesho kwamba kontena limejaa wakati ni tupu. Kutoa moyo wake ni kinyume, nyingi zinataka uzime kwanza usubiri urudi mahali pake pa kupumzikia ndipo utoke, ukilazimisha kabla unavunja. Baada ya kuusuuza uache ukauke hewani, na wakati huo pangusa kule ndani ulikotoka kwa kitambaa kikavu au brashi ndogo.

Punje za kahawa nazo zinahusika kwenye usafi. Zile nyeusi sana zinazong'aa mafuta zinaacha gundi kwenye kisagio na kwenye chombo cha punje, na zilizopakwa sukari au manukato zinakiziba kabisa, kwenye mashine inayosaga yenyewe usizitie. Kisagio hakitaki maji, ni brashi kavu tu.

Kwa mashine ya matone, ukishamimina kikombe cha mwisho toa chujio na karatasi yake hapohapo, jagi lioshe kwa sabuni siyo kusuuza tu, na acha kifuniko cha juu wazi usiku mzima ule unyevu utoke. Lile tundu la kumwagia maji juu ya unga, chini yake pangusa kwa kidole kilichovishwa kitambaa mara moja kwa wiki, utashangaa kitambaa kinavyotoka.

Na ukisafiri, hata kwa siku nne, mwaga tangi, mwaga trei, toa machicha, toa kila cha maziwa, vyote viache nje juu ya taulo vikauke, milango ya mashine iache wazi. Ukirudi pitisha tangi moja la maji matupu ulimwage, ndipo upike cha kunywa.